Mguu Uliofungwa Ukizidi Kuuma, Usingoje Asubuhi

Mtu akivunjika mfupa hufungwa plasta ngumu hospitalini, au mabanzi kwa mganga wa jadi. Usiku akilia kwamba maumivu yanazidi, mara nyingi huambiwa avumilie. Ndugu wasomaji, yapo maumivu yasiyofaa kuvumiliwa.

Misuli ya mikono na miguu imegawanyika katika vyumba vilivyozungukwa na utando mgumu usiotanuka. Damu ikivujia humo, au misuli ikivimba, shinikizo hupanda na mishipa midogo ya damu hubanwa. Misuli ikikosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa, na iliyokufa haifufuki. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi mkono uliofungwa kwa kukazwa mno unavyokakamaa na vidole kujikunja.

Chanzo kikubwa ni kuvunjika mfupa, hasa muundi, au mkono wa mtoto karibu na kiwiko. Vyanzo vingine ni kugandamizwa na kitu kizito, kuungua moto, na bandeji iliyokazwa.

Dalili zake:
- Maumivu makali yanayozidi, hata baada ya kumeza dawa.
- Maumivu makali mgonjwa akinyooshwa vidole.
- Misuli kuvimba na kuwa migumu.
- Ganzi, na baadaye kushindwa kusogeza vidole.

Msidanganyike kwa sababu vidole bado vina joto. Hatari inaweza kuwa imekwisha kuanza.

Hospitalini, kwanza plasta na bandeji hufunguliwa mpaka kwenye ngozi. Hali isipotulia, daktari hupasua ngozi na ule utando kwa urefu ili shinikizo lishuke. Chini ya goti vipo vyumba 4. Mara nyingi hupasuliwa sehemu 2, upande wa ndani na wa nje. Kidonda huachwa wazi makusudi. Baada ya siku chache hushonwa, au hufunikwa kwa ngozi iliyotolewa pajani. Jamaa wasishtuke wala kumtorosha mgonjwa: kidonda hicho ndicho kinachookoa mguu.

Nyumbani fanyeni hivi: legezeni bandeji au mabanzi. Msikande, wala msichue kwa dawa. Mguu ulazwe usawa wa moyo, usiinuliwe juu zaidi. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo. Aliyefungwa plasta arudishwe haraka ikafunguliwe, hata kama tarehe yake ya kurudi bado.