Moyo Unasukuma Vizuri, Je, Unajaa?

Msomaji anauliza: eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, imeonyesha moyo wa mama yake unasukuma damu kwa asilimia 60, yaani kawaida, mbona akipanda ngazi anahema?

Asilimia hiyo inapima kusukuma tu. Karibu nusu ya wagonjwa wanaougua kushindwa kwa moyo wana asilimia nzuri kama hiyo. Shida yao ni moyo kutolegea na kutojaa vizuri.

Na kujaa ni kazi. Chukua sponji, ikamue ndani ya beseni la maji, kisha iachie: itafumka yenyewe na kuvuta maji. Ndivyo ventrikali ya kushoto, chumba cha chini kinachosukuma damu mwilini, inavyofanya kila pigo. Hujisokota inapojikamua, halafu hujifumua kwa nguvu na kunyonya damu kutoka chumba cha juu. Sponji iliyokakamaa hufumka polepole, na maji huingia kwa kusuasua mpaka yasukumwe. Moyo uliobeba presha miaka mingi huwa hivyo.

Eko ya Dopla, inayopima kasi ya damu, hulionyesha jambo hili waziwazi. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, na kila pigo linachora vilima viwili kwenye skrini. Cha kwanza, E, ni damu inayovutwa. Cha pili, A, ni chumba cha juu kikisukuma iliyobaki. Kwa kijana, E huizidi A. Moyo ukianza kuchelewa kulegea, E hufupika. Lakini hali ikizidi kuharibika, shinikizo la chumba cha juu hupanda, E hurefuka tena, na picha inafanana kabisa na ya mtu mzima wa afya!

Ujanja huo hufichuliwa kwa kuuacha mkondo wa damu na kupima mwendo wa msuli wenyewe, kando ya vali iliyo kati ya chumba cha juu na ventrikali. Huo haudanganyiki kirahisi. Msuli ukirudi kwa kasi iliyo chini ya sentimita 7 kwa sekunde upande wa ukuta wa kati, au 10 upande wa nje, ulegeaji una walakini. Kasi ya E ikigawanywa kwa wastani wa kasi hizo, na jibu likapita 14, huenda shinikizo la kujaa liko juu. Umri nao hupunguza kasi, kwa hiyo daktari hutazama pia ukubwa wa chumba cha juu.

Shinikizo hilo hurudi nyuma hadi mapafuni, ndipo mtu akahema. Kwa wengine hupanda pale tu wanapojituma, hivyo baadhi ya vituo humpa mgonjwa baiskeli, akapiga pedali, kisha wakampima upya.