Akiba Isiyojaribiwa Si Akiba

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa waandishi wa programu za kompyuta, daftari hilo ni hazina ya programu, yaani mahali panapotunzwa kila mstari ulioandikwa, pamoja na jina la aliyeubadili, siku na sababu.

Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Git, kilichobuniwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux. Wengi huweka hazina zao kwa mwenyeji wa nje, hasa GitHub, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Huduma ni nzuri, lakini mpangaji ni mpangaji. Google Code, iliyotunza kazi za watu bila malipo, ilifungwa Januari 2016, na wapangaji wakalazimika kuhamisha vyombo vyao. Ndiyo maana wapo wanaoamua kujenga nyumba yao, yaani kuendesha hazina kwenye seva yao wenyewe.

Je, wachague mfumo upi? GitLab, ulioanza mwaka 2011, una mambo mengi lakini ni mzito. Unataka mashine yenye nguvu na mtu wa kuuangalia. Gitea, uliozaliwa mwaka 2016, na Forgejo, uliochipuka kutoka Gitea mwaka 2022, ni myepesi. Kikundi cha watu watano kinaweza kuendesha mmojawapo kwenye mashine ndogo. Basi swali la kwanza lisiwe ni upi wenye mapambo zaidi. Liwe hili: nani atautunza?

Sikiliza kisa cha Januari 31, 2017. Usiku huo mhandisi wa kampuni ya GitLab yenyewe alikuwa akirekebisha hitilafu. Alitoa amri ya kufuta taarifa akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipogutuka, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Wakakimbilia akiba. Njia zao zilikuwa tano, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama walivyotarajia. Mojawapo ilikuwa ikishindwa kimya kimya, na barua za kuwatahadharisha zilikuwa zikikataliwa njiani.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyo aliichukua kwa mkono, muda wa saa 6 hivi kabla ya ajali. Kila kilichoingia baada ya hapo kilipotea.

Programu za wateja zilisalimika, kwa kuwa zilihifadhiwa mahali pengine. Vilivyopotea ni maoni, ripoti za kasoro na akaunti mpya. Hapo pana funzo. Git humpa kila mwandishi nakala kamili ya programu, lakini mazungumzo yanayoizunguka hayamo ndani ya nakala hiyo. Ukiweka akiba, weka vyote viwili.

Jambo jingine ni viraka vya usalama. Aprili 2021 GitLab ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa. Novemba mwaka huo wataalamu walipochunguza seva za GitLab zilizo wazi kwenye intaneti, waliona nusu yake bado hazijazibwa. Mlango ulikuwa wazi, na wezi walikwisha kuujua.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, anayetaka nyumba yake na aijenge. Lakini amteue mtu mmoja wa kuwajibika, na mwingine wa kumpokea akiugua. Aweke kila kiraka kinapotoka. Akiba aiweke kwenye jengo jingine, si juu ya meza ile ile. Na kila mwezi achukue akiba hiyo, aifungue kwenye mashine tupu, aone kama kweli inasimama. Asiyefanya hivyo ana matumaini tu, na matumaini hayarudishi faili lililofutwa.