Treni ya Kigoma na Ratiba Isiyoaminika

Kigoma huitwa mwisho wa reli, na jina hilo lina fahari ya zaidi ya karne moja. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na ukingo wa Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa 1914. Reli hiyo ndiyo iliyoleta vipande vya meli tunayoijua leo kama MV Liemba, vikaungwa hapo Kigoma. Basi mtu anayepanda treni hii kwa mara ya kwanza huja na picha ya safari tukufu, na akishuka, lawama yake huwa moja: treni inatambaa. Kwa maoni yangu, lawama hiyo imekosea mlengwa. Mwendo mdogo una sababu, na unavumilika. Kinachoumiza ni abiria kutojua treni itaondoka lini na itafika lini.

Sababu za mwendo huo zinaonekana njiani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250, na kwa miaka mingi ratiba imezipa karibu saa 40, yaani wastani wa kilomita 30 hivi kwa saa. Njia ni moja. Treni mbili zikielekeana, moja husubiri stesheni yenye njia ya kupishania hadi nyingine ipite, na treni za mizigo zinatumia njia hiyohiyo. Treni ikichelewa Kaliua, inakosa zamu yake ya kupishana mbele, na saa moja inazaa saa tatu. Kisha kuna maji. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikavurugika kwa miezi, na eneo hilo halijaacha kuisumbua reli. Mradi mkubwa wa ukarabati ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2014 ulilenga njia ya Dar es Salaam hadi Isaka. Kipande cha Tabora hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 400, hakikuwamo. Dereva anayepunguza mwendo juu ya mataruma yaliyochoka anafanya kazi yake vizuri.

Lakini siku mbili za safari zikijulikana, mtu huzipangia. Mama wa Mwanga, mjini Kigoma, anayepeleka magunia ya dagaa na madumu ya mawese anaweza kumwambia mnunuzi wake aje stesheni alfajiri ya siku fulani. Mgonjwa anayekwenda Muhimbili anaweza kuomba miadi. Saa ikishakuwa ya kubahatisha, mnunuzi anaondoka, miadi inapita, na nauli nafuu inamezwa na chakula cha kungojea.

Wapo wanaosema hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa lami na daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi vimeyapa mabasi njia ya Tabora. Ni kweli kwa mwenye begi moja. Mwenye mzigo mzito, au familia yenye watoto, bado analihitaji behewa. Wengine husema tusubiri reli ya kisasa. Nayo ni habari njema sana: treni za umeme zimekwisha kufika Dodoma tangu Julai 2024, na mkataba wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Hata hivyo, mpaka njia hiyo ikamilike, abiria wa Kigoma atakayetaka kufaidi treni ya umeme itabidi aunganishe safari Dodoma, na hawezi kukata tiketi ya kuunganisha kama treni ya kwanza haina saa. Kwa hiyo reli mpya inaongeza uzito wa ratiba ya reli ya zamani.

Shirika la Reli halihitaji injini mpya ili kuanza. Lichukue namba ya simu ya kila anayekata tiketi, na treni ikikwama Nguruka au Itigi, abiria wa stesheni za mbele waambiwe siku hiyohiyo, pamoja na saa mpya inayotarajiwa. Ratiba nayo iandikwe upya kwa kufuata saa ambazo treni hufika kweli, hata kama safari itakuwa ya saa 45 au 50. Watu wa Kigoma, Ujiji na Uvinza wanastahili kuambiwa ukweli kabla hawajatoka nyumbani.