Gertrude Elion: Nobel bila doktora

Wandugu, tunasemaka bila doktora hakuna utafiti. Angalieni Gertrude Elion wa Marekani. Alimaliza kemia 1937, labo zikamukatalia juu ni mwanamuke; akaenda kupima uchachu wa matango ya siki. 1944 akaingia kampuni ya Burroughs Wellcome, kwa Hitchings. Doktora alikuwa anaisoma magaribi. Chuo kikamwambia achague masomo ama kazi, akabaki na kazi.

Seli, kusudi izaliane, inahitaji purini za kujenga ADN. Wao wakatengeneza purini ya bandia: seli ya kansa inaimeza, ujenzi unakwama. (Sisi wa agronomia tunajua chambo ya panya.) Ndiyo 6-merkaptopurini, dawa ya leukemia. Zikafuata alopurinoli ya guti na asikloviri ya herpesi. Nobel: 1988, pamoja na Hitchings na James Black.

Ila kampuni ilimulipa miaka yote atafute. Siye wa lisansi, nani atatulipa?