Kinyago cha jukwaani chahitaji sanduku lake

Kikundi cha uigizaji mtaani Jericho kinapounda kinyago kwa karatasi na gundi ya unga, hatari kubwa aghalabu haiko jukwaani bali safarini. Shule zinazoshiriki tamasha la kitaifa la drama, lililoanza mwaka wa 1959, hupitia awamu kadhaa za mchujo kabla ya fainali. Kila awamu ni kupakia na kupakua, na kinyago kilichovunjika pembe usiku wa kuamkia shindano hakitengenezeki: gundi haiwahi kukauka.

Wengi hukimbilia sanduku la bati, kama yale ya wanafunzi wa bweni yanayoundwa na mafundi wa jua kali huko Kamukunji. Hilo lafaa nguo. Bati jembamba hubonyea, nacho kinyago kisichoshikizwa hugongagonga kuta zake hadi mwisho wa safari.

Plaiwudi ya milimita 6 ni bora zaidi. Pima kinyago, kisha ongeza sentimita 5 kila upande kwa ajili ya sponji. Vipande vya godoro kuukuu vyatosha, mradi vikibonyezwa viinuke tena. Hapa ndipo wengi hukosea: hujaza sponji kila pembe ya sanduku, wakidhani kubana ndiko kulinda. Sivyo. Pua, pembe na masikio sharti yaachiwe nafasi tupu. Uzito ubebwe na paji la uso na ukingo wa nyuma, ambako tabaka za karatasi ni nene. La sivyo kila kishindo kitaishia penye udhaifu.

Ndani ya kona, tia vipande vya mbao vya inchi 1 kwa gundi na skrubu, maana msumari peke yake hulegezwa na mtikisiko. Nje, zivike bati. Mpini nao ufungwe kwa bolti zinazopenya ubao, zenye washa pana upande wa ndani.

Aidha, fainali huangukia Aprili mara nyingi, wakati wa masika, na gundi ya unga haipatani na maji. Paka vanishi kingo za plaiwudi, weka miguu ya mbao chini, wala usifunge kinyago kikiwa na unyevu, kisije kikaota ukungu.

Kabla ya safari, tia ndani mfuko wa mchanga wenye uzito sawa na wa kinyago, kisha angusha sanduku kutoka kimo cha goti. Kona ikiachia, irudishe kwa fundi siku hiyo hiyo.