Kulasi mpya: buloni ipakwe mafuta, ikazwe kwa hesabu

Kule Katoto, Kamina, kulasi ya gari ikipasuka, mwenye gari anaangalia kwanza bei. Ananunua ile isiyotoka kwa kiwanda cha moteri. Kisha siku kidogo, maji yanaingia tena ndani ya mafuta. Watu wanalaumu kipande, lakini mara nyingine kosa ni namna buloni zilikazwa.

Ukikaza buloni, karibu 90% ya nguvu ya mkono inaliwa na msuguano. Ile 10% inayobakia njo inabana kulasi. Buloni ikiwa kavu ao na kutu, funguo ya kupima inafika kwenye namba, kumbe kulasi haijabanwa.

Kwa hiyo, kitabu cha moteri kikisema hivyo, fundi anasafisha meno ya buloni, anapakaa mafuta ya moteri kwenye meno na chini ya kichwa. Kidogo tu! Mafuta ao maji yakijaa ndani ya tundu, bloku inaweza kupasuka. Grisi yenye kuteleza zaidi nayo ni hatari: kwa namba ile ile, buloni inavutwa kupita kiasi.

Kukaza kunaanza katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kufuata kitabu. Wanaohesabu kwa kilo wakumbuke: kilo 1 ni karibu niutoni-mita 10. Buloni za zamani zilizokwisha kurefuka, zisirudishwe.

Mbele ya kulipa, mwenye gari aulize mambo mawili: funguo ya kupima iko wapi, na namba imetoka kitabu gani?