Walitaka Makuu, Wakapewa Mwiko

Safari ni chuo, na mwalimu wake wa kwanza ni taabu. Hilo wazee wetu waliopanda majahazi kwenda Hadhramaut na Maskati walilijua vyema. Vijana wa ng'ambo waliofika kisiwa cha Pate mwaka 1980, kuufukua mji uliokufa wa Shanga, nao ilibidi walijue.

Vijana hao waliletwa na mpango ulioitwa Operation Drake. Mpango huo uling'oa nanga Plymouth, Uingereza, Oktoba 1978, kwa merikebu ya matanga iitwayo Eye of the Wind, chini ya uongozi wa mwanajeshi John Blashford-Snell. Drake mwenye jina ni yule baharia Mwingereza aliyeizunguka dunia baina ya 1577 na 1580, ambaye Wahispania walimwona haramia tu. Shabaha ilikuwa kuwatoa majumbani vijana wa miaka 17 hadi 24, wa nchi mbalimbali, na kuwaweka mahali ambapo nguvu na subira zao zitatiwa mtihanini.

Kijana wa namna hii hutoka kwao na picha za mambo makuu kichwani: simba, dhoruba na misitu isiyopenyeka. Huku kwetu, somo la kwanza humpa bahari. Kutoka Lamu kwenda Pate chombo hupita Mkanda, na Mkanda haupitiki ovyo. Maji yakipwa, chombo huketi topeni penye mikoko, na hapo nahodha na abiria wote ni sawa: hawana la kufanya ila kungoja maji yajae. Aliyezoea saa ya mkononi huanza kujifunza saa ya mwezi. Halafu huja jua, huja mbu, na maji ya kunywa huhesabiwa.

Na kazi yenyewe? Mgeni hupewa mwiko wa mwashi, ndoo na chekecheke. Huonyeshwa kipande cha ardhi kilichopigwa vigingi na kuzungushiwa kamba, akaambiwa akwangue polepole, asichimbe. Kutwa nzima huenda asipate ila vigae na mifupa ya samaki. Siku za kwanza udongo wote kwake ni mmoja. Huchukua muda jicho kuzoea na kutambua kwamba ile duara nyeusi ardhini ni mahali palipooza nguzo ya nyumba ya mtu.

Msomaji asidhani hilo ni jambo dogo. Juu ya ardhi, Shanga ni magofu ya mawe: nyumba, misikiti na makaburi ya mji uliohamwa yapata mwaka 1425. Kwa muda mrefu wanachuoni wengi walishikilia kwamba miji yetu hii iliasisiwa na wageni kutoka ng'ambo ya bahari, waliokuja na ujuzi wa kujenga kwa mawe. Uchimbaji ulioanza 1980, ukiongozwa na Mark Horton pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, uliendelea kwa vipindi hadi 1988, ukishuka tabaka baada ya tabaka. Chini ya msikiti wa Ijumaa ilikutwa misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine. Ile ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya nane ya Miladi, yaani karne ya pili ya Hijra. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Muhammad na Abdallah. Vyungu vya chini kabisa navyo vilikuwa vya mikono ya watu wa mwambao huu. Hapo ndipo wataalamu wengi walipokubali kwamba Shanga ulianza kuwa mji wa wenyeji.

Basi tuzingatie. Msikiti wa miti hauachi ukuta wala mihirabu ya kutazamwa. Huacha madoa ya udongo. Kijana mwenye pupa, akishika sepetu badala ya mwiko, angeweza kufuta kwa asubuhi moja ushahidi uliolala miaka elfu moja na mia mbili.

Linalotuuma ni jingine. Wangapi katika vijana wetu wa Mombasa na Malindi wamekanyaga Shanga? Kitabu chetu kinatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia, na hawa waliotutangulia hawahitaji pasipoti. Skuli zikifungwa, mzazi mwenye uwezo na ampe mwanawe nauli hadi Siyu, wenyeji watamwonyesha njia. Na alale kwa mbu, angoje maji yajae, ajue maana ya kuwa mgeni. Lakini ausiwe kabla ya kuondoka: asiokote hata kigae. Kukitoa kigae mahali pake ni kukinyamazisha.